Msaidizi wa Mwalimu Apewe Kazi Gani?

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada Tanzania, watoto walimiminika shuleni tangu muhula wa Januari 2016, na kiwango rasmi cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi kikabaki kwenye makaratasi katika shule nyingi za umma. Uganda ilikuwa imeyaona hayo mwaka 1997, Kenya mwaka 2003. Darasa likifurika, wazo la kwanza linalomjia mzazi, diwani na hata mwalimu mkuu ni kutafuta mtu wa kusaidia: kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, asiye na ajira, akae darasani na mwalimu. Vijana wa aina hiyo wapo katika kila kata, na wengi wangeipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Huanza kwa kuuliza cheti gani kinatakiwa. Ni swali la haki, lakini ushahidi uliokusanywa kwa takriban miaka arobaini, kutoka nchi tajiri na maskini, unaonyesha kwamba manufaa ya msaidizi kwa mtoto yanaamuliwa na jambo jingine: amekabidhiwa kazi gani hasa, na nani amemwandaa kuifanya.

Tuanze na Marekani. Kati ya 1985 na 1989 jimbo la Tennessee liliendesha jaribio lililoitwa STAR katika shule 79, likiwahusisha watoto zaidi ya 11,000 kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Watoto na walimu walipangwa kwa bahati nasibu katika madarasa ya aina tatu: madogo yenye watoto 13 hadi 17, ya kawaida yenye watoto 22 hadi 25, na ya kawaida yaliyoongezewa msaidizi wa siku nzima. Waliosoma katika madarasa madogo waliwapita wenzao. Waliokuwa na msaidizi hawakuwazidi wasio naye kwa kiasi cha kutajika. Uingereza nayo iliongeza wasaidizi kwa wingi kuanzia mwaka 2003, pale serikali na vyama vya walimu vilipokubaliana kumpunguzia mwalimu mzigo wa kazi. Katika miaka hiyohiyo, hadi 2009, Peter Blatchford na wenzake wa Taasisi ya Elimu jijini London walifuatilia matokeo ya sera hiyo. Walichokikuta kiliwashtua wengi: wanafunzi waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliosaidiwa kidogo, hata baada ya kulinganisha watoto wenye uwezo uleule wa awali na mahitaji maalumu yaleyale.

Mtu anayesoma matokeo hayo haraka atasema wasaidizi ni hasara, wafukuzwe. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo, na sababu walizozieleza zinastahili kusomwa taratibu na kila anayeitamani kazi hii. Msaidizi alikuwa akikabidhiwa watoto wanaosoma kwa shida kuliko wote, kwa hiyo waliohitaji mwalimu stadi zaidi ndio walioishia kuwa naye kwa muda mfupi zaidi. Aliingia darasani bila kujua somo la siku hiyo, kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi ya yeye na mwalimu kukaa pamoja na kupanga. Alipokaa na mtoto, mazungumzo yao yalilenga kumaliza zoezi: mtoto akisitasita, msaidizi alimtajia jibu, ilhali mwalimu aliyesomea kazi yake angeuliza swali jingine la kumfikirisha. Daftari lilijaa, kipindi kikaisha salama, na mtoto akarudi nyumbani bila kuongeza alichokuwa akikijua. Msaidizi hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amewekwa mahali pabaya, na hakuna aliyemwonyesha pazuri.

India ndiyo inayotufundisha zaidi, kwa kuwa hali yake inakaribiana na yetu. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, liliajiri wanawake vijana wa mitaani humohumo, wengi wakiwa wamemaliza sekondari tu, wakapewa mafunzo ya wiki mbili hivi kabla ya kuanza. Waliitwa balsakhi. Kila mmoja aliwachukua watoto 15 hadi 20 wa darasa la tatu na la nne waliokuwa hawajamudu stadi za awali, akawatoa darasani kwa saa mbili kila siku ya shule na kuwafundisha kusoma na kuhesabu kuanzia pale walipokwama. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao pamoja na Michael Kremer walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, waliupima mpango huo pamoja na wenzao katika miji ya Mumbai na Vadodara kuanzia mwaka 2001. Alama zilipanda mwaka wa kwanza, zikapanda zaidi wa pili, na walionufaika kuliko wote ni watoto waliokuwa mkiani. Kuna jambo jingine katika matokeo hayo ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha. Watoto wa kundi hilo walipotoka, waliobaki na mwalimu walipata darasa dogo zaidi, lakini hao hawakuongeza lolote la maana. Kilicholeta mabadiliko kilikuwa kazi ya balsakhi na kundi lake, na kupungua kwa idadi darasani peke yake hakukutosha.

Miaka michache baadaye Pratham ilijaribu mbinu yake kupitia shule za serikali katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand. Katika majimbo yote mawili walikuwepo vijana wa kujitolea, mafunzo na vitabu. Bihar, vijana walibaki na kazi yao mahususi ya kuwainua waliobaki nyuma, nje ya saa za masomo ya kawaida, na watoto wakasonga mbele. Uttarakhand, shule ziliwameza: walimu walikuwa wachache, kwa hiyo vijana wakapangiwa vipindi vya kawaida kana kwamba ni walimu wengine, wakifundisha mtaala uleule kwa darasa zima. Huko hakikuonekana chochote. Sijui mfano unaoeleza suala hili vizuri kuliko huo. Vijana wote walikuwa wa kujitolea, shirika lilikuwa moja, hata lugha ilikuwa ileile ya Kihindi, lakini upande mmoja walikuwa na kazi yao na upande wa pili walikuwa viraka vya kuziba upungufu wa walimu. Uingereza nayo ilithibitisha hilo baadaye, pale majaribio yaliyofadhiliwa na Education Endowment Foundation yalipoonyesha kwamba msaidizi aliyefunzwa kuendesha vipindi vifupi vya kusoma au hesabu, kwa mpango uliopangwa hatua kwa hatua, humsogeza mtoto mbele kwa miezi kadhaa ya ziada.

Upo upinzani ambao haufai kupuuzwa: ualimu ni taaluma, na kumkabidhi kijana asiyeisomea watoto dhaifu kuliko wote ni kuwaonea mara mbili. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Kumpa kijana darasa zima na mtaala mzima, kama Uttarakhand, ni kosa. Lakini kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kuunganisha silabi ni kazi yenye mipaka, na mtu makini mwenye subira anaweza kujifunza kuifanya vizuri kwa wiki chache, mradi awe na mtu wa kumtembelea na kumrekebisha. Mwalimu mwenye diploma anashindwa kuifanya kwa sababu nyingine kabisa: ana watoto themanini, muhtasari wa somo unaomsukuma mbele kila wiki, na mtihani unaosubiri. Afya ya jamii ilikwisha kulipokea wazo hili. Mhudumu wa ngazi ya kijiji hatibu kila ugonjwa, ila katika kazi chache alizofundishwa huokoa maisha, na hakuna anayesema amechukua nafasi ya daktari.

Kazi yenyewe, kwa Kiswahili na katika shule zetu, ingekuwaje? Kifaa cha kwanza tunacho tayari. Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009, umewapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa mbinu iliyotokana na tathmini ya Pratham huko India. Kwa Kiswahili, mtoto anapewa silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na anahesabiwa kuwa katika ngazi ya juu aliyoimudu. Msaidizi anaweza kumpima mtoto kwa dakika chache na kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza, bila kujali umri wala darasa. Kundi la silabi linahitaji kazi yake: maandishi ya Kiswahili yanasomeka yalivyo, kwa hiyo ba be bi hushikwa mapema, lakini wengi hukwama penye mbw, nyw na ng', na hapo ndipo msaidizi anapotakiwa kukaa nao mpaka ulimi na jicho vizoee. Kundi la aya linahitaji kusoma kwa sauti na kuulizwa maswali ambayo jibu lake halikuandikwa. Katika hesabu, vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumikumi vinatosha kumwonyesha mtoto kwa nini 42 si sawa na 24. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa upya, na aliyepanda anahamia kundi la juu. Kupima upya ni lazima. Kundi lisilopimwa upya huwa gereza.

Hapo linaingia pingamizi la aibu: mtoto anayetolewa darasani kila siku atachekwa na wenzake na kujiona mpungufu. Hatari hiyo ipo, lakini ilinganishwe na aibu aliyo nayo tayari, ya kukaa dawati la nyuma miaka mitatu akinakili ubaoni asichoweza kukisoma. Shule inaweza kuipunguza kwa kuwapanga watoto wote katika makundi kwa wakati huohuo, ili asionekane aliyetengwa. Kwa watoto wenye ulemavu ninahofia zaidi. Mtoto mwenye usonji au asiyeona vizuri akipewa mtu wa kukaa naye muda wote, mwalimu huanza kumhesabu kuwa mwanafunzi wa msaidizi, na wenzake humzoea akiwa na mtu mzima katikati yao. Kwa mtoto huyo kipimo kizuri cha msaidizi ni kiasi anachoweza kurudi nyuma hatua moja kila mwezi, mtoto akabaki na mwalimu na wenzake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vyama vya walimu: serikali itawatumia wasaidizi kama walimu wa bei nafuu. Historia ya karibuni inawapa sababu ya kuhofu. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi iliamua kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kama wanagenzi, watu waliokwisha kufuzu wakifanya kazi ya mwalimu kamili kwa posho. Kabla ya hapo, jaribio la walimu wa mkataba katika shule 192 za Kenya lilionyesha kwamba mpango ulipoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali watoto waliongeza maarifa, na ulipoendeshwa na serikali hawakuongeza. Usimamizi ulikuwa hafifu na mishahara ilichelewa. Ghana ilipowatumia vijana wa mpango wa ajira wa taifa kama wasaidizi katika shule zake za msingi, watoto walinufaika, lakini huko nako malipo yalichelewa na kuwakatisha tamaa. Hofu ya vyama ni ya kweli, na dawa yake ni kuutenganisha waziwazi wajibu wa msaidizi na wa mwalimu katika mkataba. Msaidizi asipangiwe kipindi cha mtaala, asitungishwe mtihani, asihesabiwe katika uwiano wa walimu na wanafunzi. Shule iliyompata msaidizi iendelee kuonekana wilayani kuwa na upungufu wa walimu uleule iliokuwa nao jana.

Kwa hiyo kijana anayefikiria kuomba kazi hii angefanya vyema kumuuliza mwalimu mkuu mambo kadhaa kabla ya kusaini. Nitakuwa na watoto gani, wangapi, saa ngapi kila siku? Nani atanifundisha, na atarudi lini kunitazama nikifundisha? Mimi na mwalimu wa darasa tutakaa lini kila wiki kuzungumza kuhusu mtoto mmoja mmoja? Malipo yanatoka mfuko gani, na tarehe ngapi? Aulize pia taratibu za kumlinda mtoto, na akubali mwenyewe kuchunguzwa. Afundishe mahali pa wazi panapoonekana, na asishike kiboko: Kenya ilikwisha kupiga marufuku adhabu hiyo shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na hata pale sheria inapoiruhusu, mtoto anayejifunza silabi kwa hofu hukariri tu. Akijibiwa kwamba atakuwa akileta chaki, akisahihisha madaftari na kulinda darasa mwalimu akiwa na dharura, ajue kwamba shule inatafuta tarishi.

Kwa upande wao, wizara na vyuo vinaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kijana aliyewafundisha watoto ishirini kusoma kwa mwaka mzima, akakaguliwa na rekodi zake zikatunzwa, ana uzoefu ambao wanachuo wengi hawaupati katika wiki chache za mazoezi ya kufundisha (BTP). Chuo cha ualimu kiuhesabu uzoefu huo anapoomba nafasi, na kimpunguzie sehemu ya mafunzo kwa vitendo.