Turbo ya mtumba kwenye injini iliyochoka

Msimu wa korosho ukikaribia, wenye malori wa Kilangala na kata jirani za Kitomanga, Mipingo na Kiwawa huanza kuuliza swali lile lile: gari halivuti, nikiifunga turbo itasaidia? Swali si la kijinga. Canter yenye injini ya 4D33 isiyo na turbo, ikiwa na magunia ya chama cha ushirika (AMCOS) yamejaa hadi juu ya bodi, hupanda kilima kwa gia ya pili huku ikitoa moshi mweusi, na nyuma yake kuna Canter yenye 4D34 ya turbo inapiga honi ipishwe. Turbo za mtumba zimejaa Gerezani, Dar es Salaam. Fundi wa kuchomelea menifodi hakosekani Lindi mjini. Jibu langu, hata hivyo, kwa walio wengi ni hapana, na sababu si ile ya vijiweni kwamba "turbo inaua injini". Turbo yenyewe haina kosa. Kinachoua injini hufanyika siku chache baada ya turbo kufungwa, pale dereva anaporudi gereji kulalamika kwamba mbona nguvu ni ile ile.

Na kweli huwa ni ile ile. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye eksozi, nyingine inasukuma hewa iingie kwenye silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliandikia hataza wazo hilo mwaka 1905, na Volvo walipolitia kwenye lori lao la Titan mwaka 1954 nguvu ilipanda kutoka farasi 150 hadi 185. Lakini kile kilichopandisha nguvu ni dizeli. Kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na injini ya kawaida hupewa hewa nyingi zaidi ya hapo ili isitoe moshi. Ukiongeza hewa bila kuongeza dizeli, umepata moshi mweusi kidogo zaidi ya mwanzo kupungua, yaani hewa safi nyuma ya gari, na joto la eksozi likashuka kidogo. Injini imepata nafuu, ila tajiri hajapata alichokilipia.

Hapo ndipo fundi anakata lakiri ya pampu na kukaza ile skrubu ya kuongeza dizeli, nusu mzunguko, kisha nusu tena. Gari linaondoka kwa fujo, kila mtu anafurahi. Kilicho ndani ya silinda hakionekani. Pistoni ni aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Haiyeyuki kila siku kwa sababu kila mlipuko ni wa muda mfupi sana na joto hukimbilia kwenye ringi, ukuta wa silinda na oili. Ukimwaga dizeli nyingi kwenye mlima mrefu, joto linaingia haraka kuliko linavyotoka. Injini iliyotengenezwa na turbo tangu kiwandani huwa na kinga zake: vimirija vinavyorusha oili chini ya pistoni kuipoza, mfereji wa ringi ya juu ulioimarishwa, mgandamizo uliopunguzwa. Pampu yake pia huwa na diaframu inayohisi presha ya turbo, hivyo dizeli ya ziada haitoki mpaka hewa imefika. Pampu ya 4D33 iliyokazwa kwa bisibisi haijui habari hiyo. Inamwaga dizeli hata turbo ikiwa bado imelala, na ndiyo maana Canter za kuunga namna hii huonekana zikifuka moshi mzito kila zinapoondoka kituoni.

Kuna jambo la kijiografia ambalo mafundi wa pwani hulisahau. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lori la Njombe, linalofanya kazi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hupoteza karibu moja ya tano ya hewa yake, na kwake turbo ni kurudishiwa haki. Kilangala ni pwani. Hata mwenye kushusha mbao kutoka Rondo hafiki mita 1,000. Injini ya hapa inavuta hewa nzito kabisa, kwa hiyo ikiwa haina nguvu, mara nyingi hewa haijapungua angani. Imezibwa kwenye filta iliyojaa vumbi jekundu la barabara za vijijini.

Kinachotusumbua pwani ni joto. Chukua mchana wa Novemba, hewa ya nyuzi 30, turbo ikisukuma kwa presha ya bar 0.6. Kubana hewa ni kuipasha moto: itafika kwenye menifodi ikiwa na nyuzi karibu 95 au zaidi, na hewa ya moto imepanuka. Ile asilimia 60 uliyodhani umeongeza inabaki kama 30. Intakula ikiipoza hadi nyuzi 50 unapata karibu 50. Ila hao wanaofunga turbo ya kuunga mara chache hufunga intakula, maana mbele ya rejeta hakuna nafasi, na rejeta yenyewe, kwa gari lililozoea chumvi ya Mchinga, huwa imeshaliwa mapezi nusu.

Sasa tuje kwenye uchakavu wenyewe. Kilomita zilizoandikwa kwenye saa usiziamini, kwanza saa nyingi za malori ya mtumba zilirudishwa nyuma kabla hazijafika bandarini. Amini geji ya kupimia kompresheni. Injini za ukubwa huu zikiwa nzima husoma kama bar 25 hadi 28. Ikishuka karibu na 20, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa bar 4, injini hiyo inadai ringi na silivu, haidai turbo. Usipokuwa na geji, iache iungurume ikiwa imepata moto, fungua mfuniko wa kujazia oili na uuweke juu ya tundu bila kuufunga. Mfuniko ukicheza kidogo, sawa. Ukirushwa pembeni na moshi ukapanda kama wa jiko la kuni, presha ya mlipuko inapita kwenye ringi na kuingia kwenye krenki.

Presha hiyo ndiyo adui mkubwa wa turbo, na ni wachache wanaolielewa hili. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba, kisha inatakiwa irudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, kwa bomba nene linaloshuka moja kwa moja na kuingia juu ya usawa wa oili. Hakuna pampu ya kuirudisha. Krenki ikiwa imejaa presha, ni sawa na kumimina maji kwenye chupa huku mtu anapuliza kutoka ndani: oili inakwama, inajaa kwenye turbo, inatafuta njia na kuvuja pembeni, nusu kwenye eksozi, nusu kwenye hewa inayoingia. Gari linaanza kutoa moshi wa buluu. Fundi anasema turbo mbovu, tajiri anatuma hela Dar ije nyingine, nayo inavuja wiki hiyo hiyo. Turbo mbili zimenunuliwa kwa ugonjwa wa ringi.

Oili hiyo ikizidi kwenye hewa inayoingia, injini huanza kuila kama mafuta yake. Hapo unazima swichi na injini inaendelea, sauti inapanda, inapanda zaidi, haijali pampu wala ufunguo. Kinachoizima ni kunyimwa hewa: ubao mpana au tarubali iliyokunjwa ikabanwa kwenye mdomo wa hewa, kamwe usitumie kiganja. Au, kama bado iko kwenye mwendo wa kudhibitika, breki zote na gia kubwa mpaka ikabwe. Ikishapanda sana, wakimbize watu, konrodi inaweza kutoboa bloku.

Mtu akisisitiza, huwa namwonyesha vipimo vya Mitsubishi wenyewe. Silinda za 4D33 zina kipenyo cha milimita 108 na mwendo wa 115, jumla lita 4.2. Zile za 4D34 yenye turbo zina mwendo ule ule wa 115, lakini kipenyo ni 104, jumla lita 3.9. Injini yenye turbo ni ndogo kuliko isiyo nayo, na bado ndiyo inayovuta zaidi. Kiwanda hakikuishia kufunga feni juu ya 4D33.

Kwa hiyo pesa ya turbo itumie hivi. Filta mpya ya hewa, na mpira wake ukaguliwe usiwe na ufa. Nozeli zipimwe kwenye mashine, si kwa kusikiliza. Valvu zirekebishwe, taimingi ya pampu irudishwe kwenye alama. Nimeona malori mengi yakipata nguvu ya kutosha hapo hapo, na moshi ukakatika. Breki zinazobana na tairi zisizo na upepo nazo hula nguvu kimya kimya, na hizi hazihitaji hata fundi wa injini.

Kama bado haitoshi na biashara inadai, nunua injini nzima yenye turbo yake, pampu yake, intakula yake na waya zake, ukiwa umeisikia ikiunguruma kabla ya kulipa. Klachi iendane nayo, na difu ikaguliwe, maana nguvu mpya hutafuta palipo dhaifu. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA mapema kabla trafiki hajayagundua. Oili ibadilike kutoka ile namba 40 kwenda 15W-40 nzuri, imwagwe kila kilomita 5,000, na dereva azoee kuiacha injini iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuzima, turbo ipoe. Magunia yabaki yale yale. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaangalia uzito kwenye ekseli: kwa Fuso la ekseli mbili ni tani 8 mbele na 10 nyuma kwa tairi nne, liwe na turbo au lisiwe nayo.