UNAPANDA KWA LIFTI, KUSHUKA NDIYO NGOMA!

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Usemi huo ungefaa kabisa kubandikwa kituoni pale Chamonix, Ufaransa.

Chamonix ni mji mdogo chini ya mlima Mont Blanc. Huko ndiko ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Tangu 1955 kuna gari la kebo, yaani kibanda kinachoning'inia kwenye waya, linalokutoa mjini, mita 1,035, hadi juu Aiguille du Midi, mlima ambao kilele chake kiko mita 3,842. Dakika kama 20 tu! Unakata tiketi, mnabanana, mnapaa. Hata jasho hutoki.

Kasheshe inaanza ukitoka garini. Kwanza unateremka kwa miguu kwenye ukingo mwembamba wa theluji, skii begani, mkono kwenye kamba, pembeni korongo. Ndipo unavaa skii na kuanza kuteleza bonde la Vallée Blanche, kilometa kama 20. Hizi sio zile njia zinazolainishwa na mashine. Hakuna vibao vya kukuonyesha njia, hakuna askari wa doria, na chini ya theluji kuna mto wa barafu wenye nyufa za kummeza mtu na skii zake.

Kwa mzoefu, kuteleza kwenyewe wala si kazi kubwa. Kazi ni kujua pa kupita. Ndiyo maana wenye akili hukodi kiongozi. Chama cha viongozi wa Chamonix kipo tangu 1821. Tena kila mtu hubeba kiredio kidogo cha kutuma ishara, koleo na fimbo ndefu ya kuchokolea theluji. Ukifukiwa na maporomoko, dakika 10 za mwanzo ndizo za kukuokoa. Helikopta haiwahi, bwana! Atakayekufukua ni mshikaji uliyekwenda naye, kwa hiyo chagua washikaji vizuri.

Na ufundi peke yake sio kinga. Mmarekani Doug Coombs alishinda mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye miteremko mikali huko Alaska mwaka 1991. Baadaye akawa kiongozi La Grave, kijiji kingine cha Ufaransa chenye gari la kebo na miteremko ya aina hiyo. Tarehe 3 Aprili 2006 mwenzake aliteleza, akaporomoka kwenye genge. Coombs akasogea kumtazama ili amsaidie, naye akaanguka. Wote wawili walikufa.

Mimi skii sijazivaa hata siku moja, wala simcheki anayezivaa. Raha yao naielewa. Kinachonitisha ni hiyo lifti. Anayepanda kwa miguu kutwa nzima, mlima unamfundisha njiani: anaikanyaga theluji, anausikia upepo, anajua kachoka kiasi gani. Wa lifti anafikishwa juu kahawa ikiwa bado ya moto tumboni, anajiona mwenyeji kwa sababu tu ana tiketi mfukoni.

Haya wapenzi, iwe ya mlimani au ya mtaani, ukipewa lifti usiulize unafika saa ngapi. Uliza utashukaje!