KUTOKA KICUKIRO MPAKA KWA NG'OMBE WA MFALME

Mwezi uliopita sisi wawili, mume na mke, tulipata karatasi ya ruhusa ya siku nne kutoka hapa Kigeme kwenda Kicukiro, Kigali, kumsalimia shangazi. Tuliporudi kila mtu aliuliza tumeleta nini. Hatukuleta kitu, ila tulitembea. Wengine wetu tuko Rwanda tangu 2012 na hatujui zaidi ya soko na kituo cha afya, basi tumeona tuwaandikie.

Shangazi anakaa upande wa Nyanza ya Kicukiro. Jumapili baada ya misa alitupeleka kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ni mwendo wa miguu tu. Mwaka 1994 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shule ya ETO Kicukiro kwa sababu askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji walikuwa pale. Tarehe 11 Aprili askari wakaondoka. Watu wakaswagwa kwa miguu mpaka kilima kile cha Nyanza, wakauawa, wachache sana wakapona. Sisi tunaolala chini ya mabati na maturubai ya Umoja wa Mataifa, hatukusema neno mpaka nyumbani. Shangazi naye hakutulazimisha kusema.

Sasa msichanganye: kuna Nyanza nyingine, mji wa wafalme, kusini, kwenye njia ya kurudi kambini. Tukasema, kwa kuwa gari linapita huko huko, kwa nini tusishuke? Shangazi alitufungia chapati katika gazeti (mifuko ya plastiki si mnajua ilikatazwa tangu 2008), tukaenda Nyabugogo alfajiri. Baada ya mto Nyabarongo ni vilima na vilima, migomba, mpunga mabondeni, watoto wa shule. Tulipita Muhanga, ambayo wazee bado wanaiita Gitarama, halafu Ruhango. Mmoja wetu alilala njia nzima. Hatumtaji.

Nyanza mji uko ndani kidogo ya barabara kuu. Mfalme Musinga aliweka makao pale mwaka 1899. Kabla yake wafalme walikuwa wakihamahama na watu wao. Kule Rukari wamejenga upya nyumba ya kifalme ya nyasi, ya duara, kubwa kama madarasa yetu mawili. Nyuma yake kuna kijumba cha maziwa, kilichotunzwa na msichana asiyeolewa, na kijumba cha pombe, kilichotunzwa na kijana asiyeoa. Karibu yake kuna nyumba ya kisasa ya mfalme Rudahigwa, ya miaka ya 1930.

Lakini tulichokwama nacho ni ng'ombe. Wanaitwa inyambo. Pembe zao ni ndefu kupita mikono ya mtu aliyeinyoosha, na mchungaji anawaimbia, anawataja majina, nao wanasimama kusikiliza kabisa! Hapo mume akageuka pembeni. Baba yake alikuwa na ng'ombe Masisi, na tangu tukimbie hajawahi kuwataja hata siku moja. Hata tulipofunga ndoa, mahari ilikuwa ya maneno na pesa kidogo, na mzee alikaa kimya sherehe nzima. Tukaanza kubishana pale pale: tukifika tumwambie, au tumfiche? Mke alisema aambiwe. Mume alisema utamuua mzee.

Tulikuwa bado tunabishana tukienda Mwima, kilima cha makaburi. Hapo amezikwa Rudahigwa, aliyefariki Bujumbura mwaka 1959, na malkia Gicanda, aliyeuawa 1994. Yupo pia Kigeli wa Tano, mfalme wa mwisho. Huyu kumbe alikuwa mkimbizi kama sisi! Tangu 1961 aliishi nje, Tanganyika, Uganda, Kenya, mwisho Marekani, akafia huko 2016. Alirudi ndani ya jeneza Januari 2017. Na Musinga mwenyewe, Wabelgiji walimwondoa 1931, baadaye wakampeleka kwetu Kongo, Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, akafia huko 1944. Mmoja kaenda kwetu, sisi tumekuja kwake. Mke akauliza, sisi je, tutazikwa wapi? Mume akasema twende, mvua inakuja.

Huye tulifika jioni, mlango wa makumbusho yale makubwa ya 1989 umefungwa. Tuliona kanisa kuu kwa nje tu. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Astrida, kwa jina la malkia wao Astrid. Basi, tukapanda gari la mwisho la Nyamagabe tumelowa.

Mzee alikuwa hajalala. Kabla hatujakaa mume akasema yote, yeye aliyekataa! Pembe, nyimbo, majina. Mzee alinyamaza mpaka chai ikapoa. Halafu akauliza: rangi zao? Tukamwambia, nyekundu iliyokolea, wengine na mabaka. Akauliza kama maksai wapo. Hatukujua. Akaanza kutaja wake, wa Masisi, mmoja mmoja kwa jina, mpaka jirani akagonga bati.

Asubuhi hatukumkuta ndani. Alikuwa wa tatu kwenye mstari wa karatasi za ruhusa, amevaa kofia yake ya harusi.