Batri ya sodiamu: makala yanaingia mule namna gani?

Wakaaji wa Goma wanajua makala ya mbabula, yale yanayotoka mingi upande wa Virunga. Yako na ndugu yake anayetunza umeme ndani ya batri za sodiamu.

Sodiamu ndiyo iko ndani ya chumvi tunayokula. Chembe zake ni kubwa kuliko za litiamu, na grafiti, ile kaboni ya batri za simu, haizipokei vizuri. Basi wataalamu wanachoma vifuu vya nazi ao mabaki ya mimea bila hewa, kupita digri 1,000, mpaka inabaki kaboni ngumu, yenye vitundu na tabaka zilizovurugika. Wengine wanaongeza naitrojeni kidogo: tabaka zinaachana, umeme unapita mbio. Makala ya mbabula hayawezi kazi hiyo; moto wake ulikuwa mdogo, na majivu ni mingi.

Kampuni ya China, CATL, ilionyesha batri yake ya sodiamu mwaka 2021. Ni nzito kuliko ya litiamu kwa umeme uleule, lakini nyumbani, chini ya paneli ya jua, uzito si kitu. Tena haihitaji kobalti, na Kongo ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kule Kolwezi, hiyo ni habari ingine.