Mjue Daktari Wako Kabla ya Kuugua

Mkulima mwema hangoji mvua inyeshe ndipo atafute mbegu. Vivyo hivyo haifai kungoja mtoto ashikwe na homa usiku ndipo uulize daktari yuko wapi, na kama bima yako itakubaliwa huko. Jambo hili lawahusu watu wa Soin chini tambarare kama wale wa milima ya chai ya Kericho na Bomet.

Bima ya zamani, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikwisha. Tangu Oktoba 1, 2024, kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA.

Anza karibu na nyumbani. Madaktari waliosomea udaktari wa familia ni wachache nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha mwaka 2005. Kwa kawaida utakayemwona kwanza ni muuguzi au afisa wa kliniki katika zahanati au kituo cha afya. Usimdharau. Akiwatibu ninyi nyote mwaka baada ya mwaka, ataijua nyumba yenu, na ugonjwa ukimshinda atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ya Kericho au Longisa. Kama hujui zahanati ilipo, muulize mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba.

Kisha hakikisha mambo matatu:

1. Je, sote tumeandikishwa? Piga *147# kwa simu yako. Angalia kwamba majina ya mume au mke na watoto yamo.

2. Je, mchango umelipwa? Katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba, aliyeandikishwa hutibiwa bila kulipa mchango. Lakini kulazwa hospitali kwahitaji mchango uliolipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mkulima hupimwa kwa hali ya nyumba yake, naye hulipa mwaka mzima mbele, si chini ya Sh. 300 kwa mwezi, yaani Sh. 3,600 kwa mwaka. Basi bonasi ya chai au fedha za miwa zikifika, toa hizo kwanza, kabla hazijaisha dukani.

3. Je, mahali hapa pana mkataba na SHA, na kwa matibabu gani? Usitegemee kibao kilicho mlangoni. Mwaka 2025 SHA ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Uliza kabla ya kutibiwa: "Bima italipa nini, nami nitalipa nini?"

Mwisho, usikubali kuweka kidole wala kutoa nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako ikiwa hukutibiwa. Mtu aweza kudai fedha kwa jina lako, na fedha hizo ndizo zingemtibu jirani yako.

Fanya hayo wiki hii, wakati wote nyumbani ni wazima.