Nanganga, machipuko hayasubiri mvua

Mwezi Septemba, kwenye njia panda ya Nanganga ambapo barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea inaachana na ile ya Lindi–Masasi, vumbi limefunika kila kitu. Mvua zilikatika tangu Mei, na kifuku kijacho hakitarajiwi kabla ya mwisho wa Novemba, pengine Desemba. Lakini miombo inachipua. Majani laini, mekundu, mengine ya rangi ya shaba, yanajaza matawi ambayo wiki chache tu zilizopita yalikuwa matupu. Mgeni hudhani msitu unakauka, kumbe ndiyo kwanza unaamka.

Ulaya husubiri baridi ipungue, na machipuko yao huja Machi, wakati sisi tuna mahindi shambani na matope barabarani. Mti wa miombo hausubiri hata mvua. Mizizi yake hufika kwenye unyevu uliobaki chini sana, na shina lenyewe lina maji ya akiba. Joto likianza kupanda mwezi Agosti, mti huitumia akiba hiyo kutoa majani. Wekundu ule huchuja jua kali wakati jani bado changa. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba huwakimbiza pia wadudu walao majani. Faida huonekana mvua ya kwanza inapodondoka: mti una majani tayari, na unaanza kujilisha mara moja. Mninga huchanua maua ya manjano kabla hata ya kuvaa majani. Mikorosho huwa imetangulia tangu Julai, ndiyo maana wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga katika miezi ambayo mtu wa mbali angedhani shamba limelala.

Vipepeo wana hesabu nyingine. Kipepeo hutaga pale tu ambapo kiwavi wake atapata chakula, na si kila chakula hupatikana kabla ya mvua. Mlimao uliopandwa uani na kumwagiliwa unaweza kumlea Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, kisha akikua hugeuka kijani. Lakini wale ambao viwavi wao hula nyasi hawana la kufanya Septemba. Nyasi haina mizizi ya miombo.

Wa kutazamwa zaidi kati ya hao ni jamii ya Bicyclus, vipepeo wa kahawia wanaoruka chinichini kivulini na kupenda matunda yaliyoanguka. Maembe yanayooza chini ya mti mwezi Desemba ni karamu yao. Wa kifuku ana madoa makubwa kama macho kwenye ukingo wa mabawa. Mjusi au ndege hudonoa doa badala ya kichwa, na kipepeo huondoka na bawa lililochanika. Wa kiangazi karibu hana madoa. Ni kahawia tupu, na akitulia juu ya majani makavu humwoni. Hizi si aina mbili. Utafiti uliofanywa kwa vipepeo wa Bicyclus anynana waliotoka Malawi, jirani zetu upande wa magharibi, umeonyesha kwamba kinachoamua ni joto ambalo kiwavi amekulia. Kiwavi anayekua Aprili na Mei, hewa ikianza kupoa, hutoka na vazi la kiangazi, na huahirisha uzazi hadi nyasi zirudi. Tofauti ya namna hii iliwahi kuwapoteza hata wasomi: kipepeo Precis octavia wa bluu na yule wa rangi ya chungwa walihesabiwa aina mbili hadi mtaalamu wa wadudu Guy Marshall alipowafuga, mwaka 1898, akaona mmoja akimzaa mwingine.

Kwa hiyo kipepeo wa kahawia unayemkuta Septemba chini ya miombo ni mzee aliyevumilia kiangazi kizima. Kinachomwokoa ni yale majani makavu, na hayo ndiyo ya kwanza kuteketea moto kichaa unapopita. Hapo tarehe ya moto ina uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani, hata kwa miti yenyewe. Huko Ndola, Zambia, vitalu vya majaribio vilianzishwa mwaka 1933: vilivyochomwa mapema kila mwaka vilibaki msitu, vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi, miti ikiwa imeshachipua, viligeuka mbuga ya nyasi.

Kiwavi hana njia ya kupima mvua ijayo. Anapima joto tu, na kwa karne nyingi kupoa kwa hewa kumekuwa habari ya kweli kwamba kiangazi kimekaribia. Mvua zikikatika huku hewa ya Mei ikibaki ya moto, atatoka na madoa makubwa na haraka ya kutaga, wakati nyasi zinanyauka na miezi sita mikavu iko mbele yake.