Bando Iko, Kura Je?

Ukishuka Sironga, Nyamira, simu haitakuacha upumzike. Video ya wanasiasa wakirushiana maneno Nairobi itakufikia kabla hujamlipa wa bodaboda. Sasa jiulize: yote hayo unayoyaona yamewahi kukufikisha kituo cha kura?

Takwimu za IEBC zinaudhi. Kufikia uchaguzi wa 2022, wapiga kura waliosajiliwa wa miaka 18 hadi 34 walikuwa kama milioni 8.8, pungufu kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Simu zilizidi, bando zikazidi, sisi tukapungua kwenye daftari.

Usiseme basi mtandao ni kelele tupu. Juni 2024 Mswada wa Fedha ulichambuliwa TikTok na X, ukaelezwa kwa lugha za nyumbani, na maandamano yakafika hadi mjini Kisii. Vijana waliuawa. Juni 26 Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi.

Lakini kujisajili hakufanyiki kwa simu. Lazima uende mwenyewe na kitambulisho, vidole vyako vichukuliwe na mashine. Usajili ulipofunguliwa tena Septemba 29, 2025, ulikuwa kwenye ofisi za IEBC za maeneo bunge. Kwa kijana wa Sironga hiyo ni nauli, foleni, na siku nzima bila kuchuma majani chai. Hapo ndipo wengi wetu hupotelea, si kwa kukosa habari. Na wewe uliyejisajili nyumbani halafu ukahamia Pipeline? Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na unajua vile nauli ya Kisii hupanda watu wakisafiri kwa wingi. Bora ubadilishe kituo mapema.

Kuna jambo lingine simu hutufanyia kimyakimya: inatujaza siasa za kitaifa na kutusahaulisha za mtaani. Novemba 27, 2025, wadi za Nyamaiya, Ekerenyo na Nyansiongo, zote za Nyamira, zilichagua madiwani. Gumzo kubwa mtandaoni lilikuwa Malava na Mbeere Kaskazini. Ilhali diwani ndiye anayekaa bunge la kaunti kupitisha pesa za zahanati yenu na ile barabara ya matope ya kwenda sokoni.

Wako anaitwa nani? Bila kugoogle.